Ini la Mtu Asiyekunywa

Karakana, 3 Februari

Dada,

Shikamoo. Naandika kwa sababu tulikubaliana kuandika. Kwenye simu mimi na wewe hatufiki mbali, salamu hazijaisha tayari mmoja ameshakata. Kwenye karatasi angalau mtu anamaliza sentensi yake.

Basi nimalize yangu. Figo zimechoka. Unajua sukari ninayo tangu kitinda mimba wangu azaliwe. Vidonge nilikuwa nameza siku ninazokumbuka, na siku nisizokumbuka najidanganya kwamba mtu anayepiga msasa kutwa nzima anaichoma sukari yote kwa jasho. Kumbe yenyewe ndiyo ilikuwa inanila taratibu. Miguu imevimba hadi viatu vya kazi sifungi kamba. Mkojo una povu kama maji ya kufulia. Daktari wa figo, mama mmoja mfupi asiyepoteza maneno, ameniambia njia ni mbili: mashine ya kusafisha damu kila wiki maisha yangu yote, au figo ya ndugu.

Mke wangu alijitolea kabla daktari hajafunga mdomo. Damu zetu haziendani. Watoto bado wadogo. Nimebaki na ndugu mmoja duniani, na ndiye huyu ninayemwandikia.

Sijui mtu anaombaje kitu kama hiki. Nimewahi kukuomba ngazi, nimewahi kukuomba koti la kuolea, na vyote ulinipa huku ukinisema. Hili ukisema hapana sitakununia. Labda nitanuna kidogo, unanijua, halafu nitakuandikia tena.

Kazi inaendelea hivyo hivyo. Nina meza kubwa ya mbao nyekundu hapa, mwenyewe anataka ang'arishiwe mpaka ajione uso. Napaka polishi nimekaa kwenye kigoda, kusimama siwezi sana.

Mdogo wako,
Msasa

---

Bwenini, 9 Februari

Msasa wangu,

Marahaba. Chukua.

Hilo ndilo jibu, mengine ni maelezo. Barua yako nimeisoma nimesimama mlangoni mwa bweni, wasichana ninaowasimamia wanapiga kelele kama soko zima limehamia humu ndani. Nikawafokea mara moja wakanyamaza, nikaisoma tena. Figo ninazo mbili na sijawahi kuziona hata moja. Kama moja inakufaa, ichukue, na usinishukuru mpaka iwe imeingia.

Lakini na mimi nina neno, na utalisikiliza kwa sababu mimi ndiye niliyekupa hilo jina la Msasa, kwa ulivyokuwa ukimkwaruza kila anayekukaribia. Nilimuuguza baba peke yangu. Wewe ulikuwa mtoto, unacheza na vumbi la mbao. Mimi ndiye niliyemwosha. Mimi ndiye niliyeona tumbo likijaa maji na macho yakigeuka manjano, mtu aliyeimaliza spiriti ya karakana yake mwenyewe, ile ile ya kuyeyushia polishi, akiichanganya na maji na ndimu na kuiita dawa ya kifua. Aliapa mbele yangu kwamba hanywi. Aliapa akiwa ananuka.

Kwa hiyo sikubali figo yangu ikaishi katika mwili wa namna hiyo. Najua wewe si yeye. Nasema tu ili liwe limesemwa.

Shule inafungwa mwezi wa nne, nitakuja kupimwa. Mpaka siku hiyo kula vizuri, meza dawa zako, na huyo daktari mfupi mwambie ajiandae, dada mtu hapendi kusubirishwa kwenye benchi.

Dada yako

---

Nyumbani, 16 Februari

Wifi yangu,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi kukushukuru. Barua yako mume wangu aliisoma kwa sauti, alipofika pale uliposema "chukua" machozi yakamtoka, ikabidi nimalizie mimi. Sijamwona akilia tangu tuoane. Alisingizia vumbi la msasa.

Nakuahidi upande wangu nitafanya kazi yangu. Soda zimetoka nyumbani kwetu, sukari kwenye chai imetoka, wali nampimia kwa kikombe na ananitazama kama mwizi. Daktari alisema tukipunguza vyakula vya wanga na mafuta, na akipunguza tumbo, hata lile ini litapata nafuu, maana mafuta yaliyoonekana kwenye picha ni mengi. Nilipata hofu sana na hilo la ini, lakini akasema bado halijawa gumu, linaweza kurudi. Basi ndiyo nashikilia hapo. Nimemwambia mume wangu jioni tutembee wote mpaka mwisho wa mtaa. Anaburuta miguu lakini anakwenda.

Ukija utalala chumba cha watoto, wao nitawahamishia kwetu. Mungu akupe umri mrefu, wifi.

Wifi yako

---

Bwenini, 20 Februari

Msasa,

Mke wako amenishukuru vizuri sana. Katika kunishukuru amemwaga mtama.

Ini.

Umeniandikia miguu, umeniandikia mkojo, umeniandikia mpaka rangi ya meza ya mtu. Ini hukuliandika. Umesahau? Kiungo kinachomkosesha mke wako usingizi kikakuponyoka wewe katika barua ya kuniomba figo? Mimi nimekaa na ini la baba chumba kimoja, najua ini linavyoharibika na najua linaharibiwa na nini. Na najua pia jinsi mtu anavyoanza kuficha. Anaanza na kitu kidogo.

Nikukumbushe jambo. Mwaka jana ulikuja kunitembelea siku ya Jumapili. Ulivaa shati jeupe, umependeza. Nilipokukumbatia, ukanuka. Spiriti tupu, Msasa, harufu iliyonilea. Nikajiambia ni kazi yake hiyo, usiwe mjinga. Lakini ilikuwa Jumapili, na Jumapili karakana imefungwa. Nikameza maneno yangu, nikakupa chakula, nikakusindikiza kituoni.

Sasa nakuuliza mara moja. Unakunywa? Niapie kwa kaburi la mama kwamba hunywi, nami nitafumba macho nije nilale kwenye kitanda cha hospitali. Usipoapa nitajua.

Dada yako

---

Karakana, 26 Februari

Dada,

Sitaapa.

Nilikuwa na miaka kumi na tatu ukinisimamisha mlangoni kila nikitoka shule, "fungua mdomo, hema", huku wenzangu wanacheka barabarani. Baba alikuwa ameshazikwa. Niliapa kwa mama, niliapa kwa Mungu, niliapa kwa macho yangu, na kesho yake ukaninusa tena. Nimeapa vya kutosha, nilikumalizia deni hilo zamani.

Nitakueleza, lakini sitaapa. Ini langu lina mafuta. Sijawahi kuonja pombe, hata ya harusi yangu mwenyewe niliinua glasi ya juisi. Daktari alinieleza kwa kunichorea kwenye karatasi: mtu mwenye sukari kama yangu na tumbo kama langu, mwili unashindwa kuitumia ile sukari, unaigeuza mafuta na kuyarundika kwenye ini. Alisema wengi tulioko kwenye kliniki yake tuko hivyo. Sukari, ini na figo ni kama mafundi watatu kwenye chumba kimoja, mmoja akiharibu wenzake wanaharibu zaidi. Ndivyo alivyosema, au ndivyo nilivyoelewa.

Kwa nini sikukuandikia? Kwa sababu yako. Nilikaa na kalamu muda mrefu, nikaandika "na ini", nikalifuta. Najua neno hilo linafanya nini kichwani mwako. Nilijua ukilisikia hutaona figo tena wala hutaniona mimi, utamwona baba. Na ndivyo ilivyokuwa.

Na hiyo Jumapili. Jumamosi yake nilikuwa nimepaka kabati rangi ya damu ya mzee. Kucha zangu zilikuwa nyekundu mpaka kwenye nyama. Nilijua ukiziona utanisema, "mtu mzima hujui kunawa". Nikajisugua kwa spiriti vidole vyote, mikono mpaka viwiko, asubuhi ile ile, ili nije kwako nikiwa safi. Ndiyo harufu yako hiyo.

Kama hutaki kunipa, sema hutaki. Lakini usinifanye mlevi ili upate sababu.

Msasa

---

2 Machi

Kwa Daktari Mkuu, Wodi ya Figo

Daktari,

Mimi ni ndugu wa karibu wa mgonjwa wako, fundi wa polishi ya samani, anayesubiri kuwekewa figo. Nimetafakari sana kabla ya kuandika, na ninaandika kwa kuwa nampenda.

Familia yetu imepoteza mtu kwa pombe, tena pombe ya karakana, spiriti. Huyu anafanya kazi katika karakana hiyo hiyo na chupa hizo hizo. Sijamwona akinywa na sitaki kusema nisiloliona. Ninachosema ni harufu. Nimeinusa kwake siku ambayo hakuwa kazini. Ini lake nasikia lina tatizo, nanyi mnajua kuliko mimi maana yake. Nilipomtaka aape kwamba hanywi alikataa.

Naomba mchunguze kabla ya kumpa mtu huyu kiungo cha mtu mwingine. Na naomba asijue kwamba nimeandika.

Dada wa mgonjwa

---

Wodi ya Figo, 15 Machi

Kwa Dada wa mgonjwa,

Nimepokea barua yako. Vipimo vya mgonjwa wangu siwezi kuvijadili nawe bila ridhaa yake. Hata hivyo, taarifa ya aina hii kutoka kwa ndugu hairuhusiwi kuwekwa kapuni. Jopo la upandikizaji limesimamisha maandalizi yake kwa miezi sita, na katika muda huo atapimwa damu na mkojo mara kwa mara ili kujua kama anatumia kileo. Jina lako halitatajwa. Ataambiwa tu kuwa taarifa imetoka kwa mtu wa karibu.

Sasa nakueleza jambo la jumla, ambalo ningemweleza mtu yeyote anayepita kwenye korido yetu. Ini lenye mafuta si cheti cha ulevi. Katika wagonjwa wenye kisukari cha ukubwani, ukiwapiga picha, wengi mno wana mafuta kwenye ini, na wengi wao hawajaonja pombe. Chanzo ni kile kile kilicholeta kisukari, na hali hiyo huenda sambamba na ugonjwa wa figo. Pombe nayo inaweza kuleta mafuta, ni kweli. Picha peke yake haiwezi kukwambia ni ipi. Ndiyo maana daktari anamuuliza mgonjwa, na mgonjwa akijibu, mara nyingi jibu hilo ndilo lote tulilonalo.

Ningependelea ungenipigia simu kabla ya kuandika. Barua ikishaingia kwenye faili siwezi kuitoa.

Kama bado una nia ya kutoa figo, njoo upimwe wewe pia. Tunapima sukari, mkojo, moyo, na picha ya tumbo.

Daktari Mkuu, Wodi ya Figo

---

Nyumbani, 6 Aprili

Dada,

Nilikuwa nimekununia. Nimeacha, kwa sababu sina mtu mwingine wa kumwambia haya.

Wamenisimamisha. Nilikwenda kliniki nikidhani naitwa kupewa tarehe, daktari akafunga mlango na kuniambia kuna taarifa kwamba natumia kileo, imetoka kwa mtu wa karibu nami, na jopo limeahirisha kila kitu kwa miezi sita. Nikacheka, nilidhani anatania. Yeye hatanii. Nimeingizwa kwenye mashine. Wamenitoboa shingoni kwa muda wakati mkono ukitengenezwa njia ya sindano, na mkono huo nimekatazwa kuubebesha kitu. Ile meza nyekundu mwenyewe amekuja kuichukua ikiwa haijamalizika, upande mmoja unang'aa na upande mmoja umepauka. Aliifunika blanketi, hakutaka hata watu waione ikipita.

Mtu wa karibu. Nimelifikiria hilo neno nikiwa nimelala kwenye mashine, damu yangu inazunguka kwenye mipira mbele ya macho yangu. Nani anajua habari za ini? Daktari, mke wangu, na wewe. Wewe nilikuondoa hapo hapo. Wewe ukiwa na neno unanirushia usoni, hujawahi kulipitishia nyuma. Ungeandika hospitali ungeniletea nakala nisahihishe.

Nilimuuliza mke wangu kama ni yeye. Tulikuwa jikoni, anachambua mchele. Alinyanyua macho akasema, "Uliza tena, nisikie vizuri." Nikauliza tena. Akaweka ungo chini. Siku iliyofuata alifunga nguo za watoto, akasema anakwenda kwao, na nikipona akili nijue pa kumpata. Sikumzuia. Hakunijibu, dada. Mtu asiye na kosa si anajibu?

Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Vidonge naviweka kwenye sahani ili nisivisahau.

Mdogo wako,
Msasa

---

Nyumbani kwetu, 10 Aprili

Wifi,

Shikamoo. Sijakuandikia kukusumbua na mambo ya ndoa yangu. Nimeandika jambo moja.

Habari za ini la mume wangu sikumwambia mama yangu, sikumwambia jirani, hata mchungaji sikumwambia. Nilimwambia mtu mmoja tu, kwa barua, nikidhani tayari anajua. Sisemi kwamba ni wewe uliyeandika hospitali. Sikuwepo, sikuona. Ninachosema ni kwamba wewe unajua si mimi.

Mimi ndiye ninayepanga vidonge vyake. Mimi ndiye ninayemkagua nyayo kila jioni kwa sababu hata akipata kidonda hakisikii. Sasa yuko peke yake na miguu ile, anatembea bila viatu kwenye karakana yenye misumari, najua tu anafanya hivyo. Watoto wanauliza baba anakunywa kweli? Wamesikia wapi, sijui. Mkubwa amepigana shuleni.

Mwandikie maneno mawili, wifi. "Si yeye." Mengine hutahitaji kueleza, na mimi sitauliza milele. Ukiandika hayo mawili nitarudi siku hiyo hiyo.

Wifi yako

---

Bwenini, 18 Aprili

Wifi,

Barua nimeipata. Mambo ya mke na mume mimi huwa siyaingilii, mtu wa tatu huishia kubaya. Mpe muda. Hasira za mdogo wangu ni moto wa karatasi.

Shule inafungwa, nina mahesabu ya mashuka na magodoro, sina hata nafasi ya kukaa. Wasalimie watoto.

Wifi yako

---

Bwenini, 19 Mei

Msasa mdogo wangu,

Nilikuja mjini kwenu na sikukuambia. Usikasirike kwanza, soma.

Nilikuja kupimwa. Nilitaka iwe kama ghafla hivi, nikukute kwenye mashine yako nikuambie toka hapo, figo imekuja. Nilikuwa nimeipanga hiyo siku kichwani, hata gauni nililichagua. Nilijua nikishakupa figo kila kitu kingine kitasameheka chenyewe, mtu hawezi kumkasirikia aliyelala kitanda cha pembeni na jeraha la kwake.

Nikaingizwa chumba cha picha, nikapakwa ile dawa ya baridi tumboni. Mpiga picha kijana tu, umri wa kuwa mwanangu. Anatazama kioo, anatazama tena. Kisha akaniuliza kwa adabu, "Mama, unatumia kilevi?"

Mimi. Mimi, Msasa wangu, niliyekataa hata dawa ya kikohozi kwa sababu kwenye chupa kuna tone la alkoholi. Mimi ninayewapekua wasichana mabegi. Nilimwambia mashine yako mbovu, rudia. Akarudia. Nikamwambia umechanganya na ya mtu mwingine. Akanizungushia kioo nikaona mwenyewe, ini langu jeupe pe, sijui kusoma picha zao lakini hilo hata mtoto angeliona. Nikaanza kumweleza kwa sauti ya juu kwamba kwangu mimi ni soda tu, ni chai yenye sukari na mikate ya wasichana inayobaki, uliza shule nzima. Akaitika ndiyo mama, ndiyo mama. Hakuniamini. Niliiona ile sura. Ni sura yangu.

Daktari wako aliniita ofisini na majibu. Sukari ipo, na si ya jana. Mkojo unapitisha protini. Akasema figo zangu zenyewe zimeshaanza kuumia, hata nikilia haruhusiwi kunitoa hata moja. Nililia.

Kwa hiyo sina cha kukupa. Nilikosea kukutilia shaka, nasema kwa kinywa changu mwenyewe. Ulinieleza vizuri kabisa na mimi nikasikia baba.

Jambo jingine. Mrudishe mke wako. Huyo hakuwa na sababu ya kukufanyia hivyo. Halafu fikiria vizuri, aliyeandika ile barua hakusema hata amekuona ukinywa, alisema harufu tu, na harufu yako mke wako anaijua ni ya kazi, analala nayo. Waeleze jopo hivyo, wataelewa. Mfuate leo, usingoje.

Dada yako

---

Wodi ya Figo, kwenye mashine, 28 Mei

Dada,

Naandika kwa mkono mmoja, mwingine una sindano. Utavumilia mwandiko.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikakuonea huruma mpaka nikataka kukupigia simu. Niliisoma mara ya pili nikafika kwenye harufu.

Mimi sikukuambia habari ya harufu. Sikukuambia kwa sababu nilikuwa siijui. Niliambiwa taarifa, niliambiwa mtu wa karibu, basi. Daktari alipopita asubuhi iliyofuata nilimuuliza, "Ile barua ilisema nanuka?" Akatazama namba za mashine, akazitazama tena, akaniuliza, "Nani amekuambia?" Ni mtu mzuri yule mama lakini hajui kudanganya.

Sikuwa na hasira wakati huo. Nilisikia baridi tu, ila huku baridi ni kawaida, damu ikitoka nje inapoa kabla ya kurudi.

Mke wangu nilimfuata juzi. Nilikwenda kwao na fimbo. Alinipokea uani, hakunikaribisha ndani, ila alinipa kiti kwa sababu ya miguu. Nikamwambia najua si wewe, ni dada. Akasema, "Mimi nilijua tangu siku uliyoniuliza jikoni." Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema alitaka nimuamini yeye bila kuletewa mtu mwingine wa kulaumu, na zaidi ya hapo, alikuwa amekupa nafasi ya kusema mwenyewe, akasubiri jibu kila siku ya posta, akaletewa salamu za watoto. Alinikagua nyayo hapo hapo uani. Alikuta kidonda kimoja, akakiosha, akakifunga. Halafu akasema watoto watakuwa wanakuja kuniona, yeye hatarudi. Hakupandisha sauti. Ningeshukuru kama angepandisha.

Jopo limenisafisha mapema, vipimo vyote havikuona tone. Wamenirudisha kwenye maandalizi. Maandalizi ya figo ipi, hawakusema.

Nimelifikiria na hili, ili usilale ukidhani nimelisahau. Figo yako isingenifaa hata kama usingeandika kitu. Ungekuja mwezi wa nne, ungepimwa, wangekukataa, ungelia, nami ningekubembeleza. Tungekuwa wagonjwa wawili, tunachekana kwa vidonge vyetu. Mke wangu angekuwa jikoni akitupimia wali sisi sote na kutugombeza. Barua yako haikuninyima figo, dada. Figo haikuwepo. Ilichukua vitu nilivyokuwa navyo.

Wewe anza dawa, usinifanyie ule ujinga wangu wa siku ninazokumbuka. Soda acha, mikate iachie wasichana. Tembea. Ini lako linaweza kupungua mafuta, figo zako zinaweza kushikilia miaka mingi ukizitunza sasa. Hayo nakuambia kwa dhati, sikutakii kiti hiki.

Kila kliniki mpya utakayokwenda watakuuliza kama unakunywa. Utasema hapana. Watanyamaza kidogo kabla ya kuandika, utakuona huko kunyamaza kwao. Wakitaka ndugu wa kukutolea ushahidi, waelekeze kwangu. Nitawaambia dada yangu hajaonja tone maisha yake yote, na nitawaambia kwa namna ambayo hawatauliza mara ya pili.

Zaidi ya hilo usiniandikie.

Fundi wa polishi